Mdogo Wake Connery na Lipu ya Sebuleni

Wageni wa kuja kumposa wifi yangu walipangiwa Jumapili alasiri. Ijumaa asubuhi ukuta wa sebule, ule unaotazamana na mlango, ulikuwa umebanduka lipu kuanzia usawa wa dirisha hadi chini, kazi ya mvua za masika. Mama mkwe alisema hapokei mshenga mbele ya matofali. Fundi lipu akaitwa. Makochi yakahamishiwa koridoni, TV ikawekwa juu ya meza ya chakula, na hapo ndipo Mjomba, ndugu wa mama yangu, anayeishi nasi hapa Ngamiani, Tanga, tangu alipofiwa na mke wake, alipoona kwamba TV ikiwa mezani na waya zote ziko nje, hakuna siku bora kuliko ile ya kuunganisha deki ya video.

Mjomba ana sanduku la bati alilorudi nalo kutoka Muscat, alikofanya kazi ya ghalani miaka mingi. Ndani mna mikanda ya video, kila mmoja umeandikwa jina ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Hamna hata picha moja ya James Bond. Mjomba husema Bond ana watu wa kumtunza. Anaowatunza yeye ni wale waliokuja nyuma ya Bond na mifuko mitupu: Ken Clark akiwa jasusi 077, Tony Kendall na Brad Harris katika picha zao saba za Kommissar X, Frederick Stafford akiwa OSS 117, Ray Danton akiwa Super Dragon. Watoto wangu wanaliita sanduku la majasusi. Mimi mwenyewe nimekua nalo. Kila Mjomba alipokuja likizo, tulikaa mkekani tukitazama watu waliovaa suti nyeupe wakikimbizana juu ya mapaa ya Istanbul, na mapenzi yale hayajanitoka hadi leo.

Asiyezijua picha hizi aelezwe kidogo. Mwaka 1962 Dr. No ilitengenezwa kwa kiasi cha dola milioni moja, ikarudisha fedha nyingi hata watayarishaji wa Ulaya wakakosa usingizi. Ilipofika Goldfinger, mwaka 1964, kila mwenye ofisi ya sinema Roma, Madrid, Paris na Munich alitaka jasusi wake. Fedha za mmoja hazikutosha, kwa hiyo walichanga. Mwitaliano alileta mwongozaji, Mhispania akaleta mandhari na waigizaji, Mjerumani au Mfaransa akaleta fedha pamoja na sura inayojulikana kwao, na picha ikahesabiwa kuwa ya nyumbani katika kila nchi iliyochangia. Steringi alikuwa Mmarekani ambaye Hollywood haikumpa nafasi kubwa, au Mwitaliano aliyebatizwa upya. Tony Kendall jina lake ni Luciano Stella. Sergio Grieco alipoongoza zile za 077 alijiandika Terence Hathaway, na Gianfranco Parolini wa Kommissar X akawa Frank Kramer. Lakini wasiitwe wote waigaji. OSS 117 alitungwa na Mfaransa Jean Bruce mwaka 1949, miaka minne kabla Ian Fleming hajatoa kitabu chake cha kwanza cha Bond. Jasusi huyo alikuwa mkubwa kwa umri, ila mdogo kwa mfuko.

Mkanda aliouchomoa Mjomba siku ile ulikuwa wa OK Connery, ya mwaka 1967.

"Fundi," alisema, akimwonyesha ule mkanda mtu aliyekuwa anarusha saruji ukutani, "steringi wa humu ni mdogo wake Sean Connery. Baba mmoja, mama mmoja. Anaitwa Neil. Na kabla ya kuitwa Roma, kazi yake kule Edinburgh ilikuwa hii hii unayoifanya wewe."

Fundi akashusha mwiko. "Mzee, steringi fundi lipu?"

"Fundi lipu kabisa."

"Basi naomba mnisubiri nimalize ukuta."

Mjomba akakubali kusubiri, ila alitaka kuijaribu deki kwanza, maana ilikuwa haijawashwa muda mrefu, na hewa ya Tanga haina huruma na vyuma. Mkanda ukaingia. Picha ikatokea ikicheza-cheza, muziki wa Ennio Morricone na Bruno Nicolai ukasikika kwa muda mfupi, halafu ukasikika mkwaruzo. Kila aliyekuwa na deki nyumbani anaujua mkwaruzo ule. Deki ilikuwa imekula mkanda.

Akachukua bisibisi, akafungua kifuniko cha deki, akaanza kuuchomoa utepe uliojizungusha kwenye lile pipa dogo linalobeba hedi, yaani kichwa kinachosoma picha. Aliufanya kwa subira kubwa, kwa ncha za vidole, bila kuugusa upande wenye picha. Utepe ukatoka mzima, lakini ulikuwa umekunjamana, na kasha lenyewe lilikuwa limeng'ang'ania. Akafungua skrubu zake tano akalivua kasha lote juu ya meza. Gurudumu moja likachomoka, likaanguka sakafuni, likabingirika hadi chini ya dirisha likiacha utepe mweusi nyuma yake.

Wakati huo huo baba watoto, aliyekuwa anaingia kutoka kazini na hajui lililo mezani, aliona lipu mbichi, akafikiria Jumapili, akawasha pangaboi.

Utepe wa video una upana wa nusu inchi na ni mwepesi mno. Mkanda wa saa tatu una utepe wa mita 258. Hazikupeperuka zote, lakini zilizopeperuka zilitosha. Ziliinuka kutoka sakafuni zikajisokota, zikazunguka mara moja hewani, kisha zikaenda moja kwa moja ukutani na kunasa kwenye lipu, kuanzia juu ya swichi ya taa hadi karibu na pembe. Mtoto wangu wa mwisho akapiga kelele za furaha. Mama mkwe akatoka jikoni mikono ikiwa na unga wa sambusa, akatazama ukuta, akamtazama Mjomba.

"Mjomba," alisema taratibu, "huu ndio ukuta wa posa?"

Mjomba alikuwa ameshasimama aushike utepe auvute. Fundi ndiye aliyemzuia. "Usivute, mzee! Lipu imeanza kushika. Ukivuta, mkanda unakatika na ukuta unashuka." Akaagiza maji safi kwenye bakuli. Akachovya brashi, akailowesha lipu kando ya utepe, inchi moja moja, na kila palipolainika akaingiza ncha ya mwiko wake mdogo, ule wa pembeni, akauinua utepe juu kama mtu anayeinua chapati nyembamba isichanike. Mjomba alikuwa ameshika ncha ya pili, akiipokea. Hakuna aliyezungumza, pangaboi lilikuwa limezimwa, na jasho lilikuwa linamtiririka fundi hadi kidevuni. Kazi ile ingempa mwongozaji yeyote wa 1966 tukio zima la kutegua bomu, bila kulipia hata bomu lenyewe.

Utepe ulipotoka wote, Mjomba aliupitisha kwenye mwanga wa dirisha. Upande wenye picha ulikuwa umejaa chembe za mchanga. Chembe moja ikipita kwenye hedi inaikwaruza, na hedi ya deki siku hizi haipatikani dukani. Akaupima kwa mikono, akatikisa kichwa. "Mita kumi hivi. Mita moja ni sekunde 43. Tunakata dakika saba." Alisema kama daktari anayewaeleza jamaa za mgonjwa, akaomba mkasi.

Fundi akarudi kuusawazisha ukuta. Jioni ile na kesho yake koridoni hapakupitika, kwa sababu Mjomba na watoto walikuwa wanaurudisha utepe kwenye magurudumu yake kwa mkono, huyu akizungusha, yule akiufuta vumbi kwa pamba kavu, na mkubwa wao akimfukuza paka.

Jumapili wageni walifika kwa wakati. Ukuta ulikuwa umekauka juu na bado una unyevu chini, kwa hiyo mama mkwe aliupamba kwa kitambaa cha mauaridi na hakuna aliyeuliza. Mshenga alikuwa mzee wa makamo ya Mjomba, mwenye kofia ya vito na sauti ya kuomba radhi. Mazungumzo ya posa hayahusiki na habari hii zaidi ya kusema kwamba yalikwenda vizuri na mahari ilikubaliwa. Baada ya chai, mshenga akaiona deki mezani, na koti la Mjomba likiwa juu yake kuificha.

"Hii bado inafanya kazi?" aliuliza.

Basi tukatazama, wageni, wenyeji, na fundi lipu aliyekuwa amekuja kuchukua salio la fedha yake akapewa kiti cha mbele.

Watoto walianza kucheka mara tu watu walipofungua midomo, kwa sababu midomo ilikwenda njia moja na maneno njia nyingine. Mjomba akawaeleza kwa heshima iliyostahili. Katika studio za Italia wakati ule sauti iliingizwa baadaye. Mbele ya kamera kila mwigizaji aliweza kusema lugha yake, Mwitaliano Kiitaliano, Mjerumani Kijerumani, na wote wakajibizana kwa macho. Kisha picha ilipelekwa kwenye chumba cha sauti, ikasemeshwa Kiitaliano kwa Waitaliano na Kiingereza kwa wengine. Hata Neil Connery, ambaye lugha ya picha ile ndiyo aliyozaliwa nayo, sauti inayomtoka mdomoni si yake. Nimesikia watu wakilihesabu hilo kuwa kasoro. Mimi naliona kuwa ushahidi wa jinsi watu wa mataifa manne walivyoweza kufanya kazi moja bila kuelewana neno.

Mshenga akagundua jambo jingine. "Huyu si mkubwa wa kazi wa Bond? Na yule si Moneypenny?" Ni wenyewe. Bernard Lee na Lois Maxwell walikwenda Roma wakafanya kazi na mdogo mtu. Daniela Bianchi, mrembo wa From Russia with Love, yumo. Adolfo Celi, adui wa Thunderball, yumo na ni adui tena. Anthony Dawson wa Dr. No yumo. Alberto De Martino, mwongozaji, hakuwa na uwezo wa kumpata Bond, kwa hiyo alikusanya jamaa zake wote akawaweka sebuleni kwake.

Fundi alikuwa hatazami jamaa za Bond. Alikuwa anatazama mikono ya Neil. Katika hadithi Neil ni daktari wa upasuaji, anayejua pia kumlaza mtu usingizi kwa macho. "Daktari gani huyu," fundi alisema kwa furaha, "tazama kifundo cha mkono kilivyo kipana. Huyu amebeba ndoo." Tangu hapo alimshangilia kila alipoinuka, na nadhani hapakuwa na mtazamaji aliyemwelewa vizuri zaidi yake. Neil Connery si mwigizaji mkubwa. Anasimama kama mtu aliyeambiwa asimame. Lakini Sean naye aliwahi kusambaza maziwa Edinburgh kabla ya sinema, na tofauti ya ndugu hao wawili mwaka ule ilikuwa ya fedha zaidi kuliko ya damu. Mwaka huo huo wa 1967 kaka mtu alikuwa katika You Only Live Twice, ambamo volkano aliyoijenga Ken Adam kwenye studio za Pinewood iligharimu kiasi cha dola milioni moja, yaani jengo moja kwa bei ya Dr. No nzima. Katika OK Connery adui ana mtambo wa sumaku unaozima mashine na silaha zote duniani. Ngome yake itavamiwaje? Kwa pinde na mishale. Mtu mwenye fedha asingelifikiria jambo hilo hata mara moja, angenunua helikopta. De Martino alijifunga mikono yeye mwenyewe ndani ya hadithi, na mwisho wake ukawa mzuri kwa sababu hiyo hasa.

Upungufu ule unaonekana hata katika picha yenyewe. Nyingi za picha za aina hii zilipigwa kwa Techniscope, mtindo ulioanzishwa na Technicolor ya Italia mwaka 1960. Filamu ya kawaida husogea matundu manne kwa kila picha. Techniscope ilisogea mawili tu, ukapata picha pana ya kujaza ukuta kwa nusu ya filamu. Ndiyo maana zina chenga-chenga zile, hasa usiku. Mario Bava, aliyeongoza Danger: Diabolik mwaka 1968, alifika mbali zaidi. Pango kubwa la mwizi wake kwa sehemu kubwa ni michoro na vioo vilivyowekwa mbele ya kamera, na waigizaji wanatembea katika kipande kidogo tu kilichojengwa kweli. Ukijua hivyo ukaitazama tena, unauona mkono wa fundi pale pale ulipopita. Picha ya gharama kubwa hukufichia mkono huo. Hizi hazikuwa na fedha za kuuficha, na hicho ndicho ninachozipendea.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni kwa masharti, akisema anasubiri vyombo tu. Lakini wanawake waliovaa mavazi ya rangi walipoanza kuteremka kwenye jahazi la adui, alisogeza kiti. "Hii ni kama Farz," alisema. "Jeetendra, jasusi 116. Tuliiona mimi na dada zangu, sinema ya Majestic, tumejifunga buibui mpya." Farz, picha ya Kihindi, nayo ni ya 1967, na ilitengenezwa kutokana na picha ya Kitelugu ya mwaka uliotangulia, na wimbo wake wa sikukuu ya kuzaliwa, alioimba Mohammed Rafi, mama mkwe akauimba wote, mstari hadi mstari, huku Neil Connery akipigana bila kusikilizwa. Mshenga akaitikia. Yeye naye akamkumbuka Lance Spearman wa gazeti la African Film, lile la hadithi za picha lililotolewa na watu wa Drum, jasusi Mwafrika mwenye kofia ya Panama, ambaye hakuwa na filamu yoyote, ila picha zilizopangwa kwenye karatasi na maneno yakitoka midomoni. Kutoka hapo ni hatua moja tu kufika kwa Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, ambaye hakuwa hata na picha, na tulimwona wazi vile vile.

Halafu tukafika kwenye dakika saba zilizokatwa. Skrini ikaruka, sauti ikakohoa, na watu waliokuwa mahali pamoja wakawa mahali pengine. Mjomba akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Akasimama mbele ya TV, akatusimulia: jinsi steringi anavyofika Morocco, kwenye kiwanda cha mazulia, na jinsi wafumaji wanaofuma nyuzi zenye miale ya hatari walivyo vipofu wote, ili wasijue wanachokifuma. Alionyesha kwa mikono yake jinsi wanavyovuta uzi. Alifanya nyayo za adui kwa kugonga meza. Fundi akauliza, "Na wao nani anawaokoa?" Mjomba akamwambia angoje, akarudisha mkanda kwenye mwendo.

Nimeitazama OK Connery mara nyingi, nzima. Ile ya Jumapili, yenye pengo, naiweka mbele ya zote. Ujanani mwa Mjomba ndivyo picha zilivyotufikia, zimepita mikono mingi na mashine nyingi, zimekatika na kuungwa, na siku zote alikuwepo mtu wa kujaza palipokosekana. Picha kubwa haikuachii la kufanya. Hizi ndogo zinakutaka ukae na wenzako, uulize, uchekeshwe, umtetee steringi mwenye suti isiyomtosha, uone kadibodi na uiamini kwa hiari yako. Wifi yangu na mchumba wake walizungumza kwa mara ya kwanza bila ya wazee kuwasikiliza wakati wazee wote walipokuwa wanabishana kama mshale unaweza kushinda sumaku. Fundi alikataa nusu ya salio lake. Mama mkwe akamlazimisha alipokee lote, na sambusa juu yake.

Sasa nina ombi kwako unayesoma. Kama kwenu kuna sanduku la namna hii, la babu, la mjomba, la shangazi aliyewahi kukaa Ughaibuni, lifungue wiki hii. Baadhi ya picha hizi kwa miaka mingi zimejulikana kwa nakala chakavu za video tu, na hujui iliyo kwako ni ipi. Tazama kupitia kidirisha cha mkanda. Ukiona ukungu mweupe kwenye kingo za utepe, usiuingize kwenye deki, kwa sababu utaichafua hedi na deki itaambukiza mikanda mingine yote. Usiunge palipokatika kwa selotepu ya kawaida, gundi yake hutoka na kushika hedi. Sisi tulifanya hivyo kwa kukosa nyingine, na Mjomba aliisafisha deki kwa spiriti usiku ule ule. Mpelekee mwenye vifaa vya kuhamishia mikanda kwenye flashi au diski, na umlipe anachostahili, kwani wenye deki nzima wamebaki wachache. Na kabla hujampelekea, mkalishe mwenye sanduku, umwombe akusimulie kila picha, na uandike, kwa sababu dakika anazozijua yeye haziko kwenye utepe wowote.